Historia ya Marehemu Josephat Mihayo Ngosha, Mchochea Moto Aliyewahesabu Mbayuwayu wa Dohani

Padre, wazee wa Buswelu, majirani wa Igogo, wafanyakazi wa kiwanda, na ninyi mliovuka maji tangu jana kutoka Busisi na Sengerema, familia inawaamkia na kuwashukuru kwa kuja, na inaomba msogee kivulini ili tusikilizane kwa utulivu habari za maisha ya ndugu yetu tunayemzika leo, Jumapili, tarehe 6 Februari 1949, kwa kuwa mengi mliyoyasikia juu yake ni ya kweli, na machache yametiwa chumvi na rafiki zake waliompenda.

Marehemu Josephat Mihayo Ngosha alizaliwa Buswelu mwezi wa Juni mwaka 1896, siku yenyewe haikuandikwa na mtu, ila mama yake alisema ilikuwa wakati wa kuvuna mtama, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na alikua kama watoto wengine wa hapo, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, mpaka mwaka 1905 alipopelekwa shule ya misheni Bukumbi, ambako alijifunza kusoma, kuandika na hesabu, akabatizwa sikukuu ya Noeli mwaka 1908, na akatoka mwaka 1910 baada ya baba yake kufariki na ng'ombe kukosa mchungaji. Mwalimu wake alimsifia hesabu kuliko dini, jambo ambalo marehemu mwenyewe alilisimulia bila haya, hata mbele ya mapadre.

Wakati wa vita alichukuliwa kubeba mizigo, akarudi mwaka 1917 akiwa amekonda na hapendi kuizungumzia vita hiyo, na mwezi wa Desemba 1919 alipata kazi ya kuchochea moto kwenye meli ya ziwani, kazi aliyoifanya kwa miaka sita na nusu, akizunguka Bukoba, Musoma na Kisumu bila kuiona sana miji hiyo, kwa sababu mchochea moto huiona nchi kwa kupitia tundu la hewa tu. Tarehe 15 Juni 1926 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba cha Bwana Chandulal, hapa Igogo, ufukweni, kulisha kuni tanuru la boila ambalo moshi wake hutokea kwenye ile dohani ndefu ya matofali mnayoiona kila siku mkienda mjini, na mwaka 1931 alifanywa mkuu wa wachochea moto.

Alifunga ndoa tarehe 12 Februari 1921 na Bi Paskazia, binti wa Busisi, ambaye yuko hapa mbele yenu, na siku ile bibi harusi alivushwa kwa mtumbwi mpaka Kigongo, upepo ukiwa mkali, vyombo vyote vikalowa, na marehemu akaingia majini na nguo zake za harusi mpaka kifuani kuupokea mtumbwi, hivyo wakaingia kanisani wote wawili wakiwa wanachuruzika maji. Mungu aliwajalia watoto wanne, Odeta aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1922, Ngosha aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1925, Wilhelmina aliyezaliwa mwaka 1930 na kuchukuliwa na surua mwaka 1932, na kitinda mimba Chenge, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1938.

Sasa familia inafika kwenye jambo ambalo limewaleta wengi wenu hapa, na inaona vema lisemwe kama lilivyotokea, kwa kuwa marehemu hakupenda lipambwe.

Mwaka 1927 matete ya ghuba yetu yalichomwa ili kusafisha ufuko, na hakuna aliyefikiri kwamba humo ndimo walimokuwa wakilala mbayuwayu, wale ndege wadogo wenye mkia wa panda ambao hutujia kutoka nchi za baridi kila mwisho wa Oktoba na kuondoka kabla ya Pasaka. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha, moto wa kiwanda umezimwa majuma mawili, dohani imepoa, na ndege wale, walipokosa matete, wakaingia humo kulala bila mtu kujua. Ikaja amri ya kuchambua pamba iliyochelewa, na tarehe 3 Novemba, siku ya Alhamisi, marehemu akawasha tanuru alfajiri, kabla jua halijatoka, kama alivyozoea. Alisikia mvumo ndani ya dohani, akadhani ni mvua. Kisha wakaanza kuanguka.

Aliuvuta moto nje kwa mikono yake na kwa chepe, akaungua kiganja cha kushoto, lakini alikuwa amechelewa, na alipofungua mlango wa majivu pale chini ya dohani aliwatoa mmoja mmoja, akawapanga juu ya gunia, wakafika mia mbili na kumi na wawili. Rafiki yake Kashindye, aliyekuwa akichochea naye zamu moja, na ambaye leo ni mmoja wa waliobeba jeneza hili, alimwambia, "Mihayo, ni ndege tu hawa, twende tukanywe uji." Marehemu akamjibu, "Ni ndege, ndiyo. Lakini walikuwa wamelala." Akawazika ufukweni, na siku ile hakula.

Jioni yake alirudi kutazama kama wapo waliobaki, akawaona wakija kutoka ziwani, kwanza wachache, kisha kundi kubwa, wakaizunguka dohani kwa mzunguko mmoja, na giza lilipokaribia wakamiminika ndani kama maji yanavyoingia kwenye mtungi. Alijaribu kuwahesabu akashindwa. Pamba ile iliyochelewa ilikuwa kidogo, ikachambuliwa mchana tu, ndege wakiwa ziwani. Kesho yake alikuja na punje za mahindi mfukoni, kila ndege kumi akihamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na baada ya kujaribu siku kadhaa, tarehe 14 Novemba 1927 akaandika katika daftari lake la kwanza, daftari la shule, kwa penseli, elfu tatu na mia nne. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, na kuanzia siku hiyo alifanya hivyo kila jioni ndege walipokuwapo, mvua isiponyesha, kwa miaka ishirini.

Wengi walidhani ana uchawi au ana wazimu, na familia inakiri kwamba hata nyumbani lilizungumzwa. Aliyekuwa wa kwanza kumwelewa hakuwa wa nyumbani, bali alikuwa marehemu Mama Jasuben, mama yake Bwana Chandulal, mjane aliyekaa jioni kwenye baraza ya nyumba iliyo kando ya kiwanda, akisali kwa shanga zake. Siku moja mwezi wa Januari 1928 alimwita marehemu, akamuuliza amepata ngapi, na aliposikia ni elfu tatu na mia sita alitikisa kichwa.

"Wanazidi elfu nne," alisema. "Unawaacha wanaotokea upande wa ziwa."

"Mama, na wewe unawahesabu?"

"Tangu mwezi uliopita. Mungu anisamehe, nimesali kidogo sana."

Ikawa yeye husogeza ushanga mmoja kwa kila ndege kumi kutoka upande wa ziwa, na marehemu punje moja kwa kila ndege kumi kutoka upande wa mlima, halafu husomeana hesabu zao kupitia uani, na marehemu huandika jumla. Walibishana sana. Mara nyingi Mama Jasuben ndiye aliyekuwa sahihi, na marehemu hakuchoka kusema hivyo.

Mwaka 1937 mvua zilichelewa, pamba ikachelewa, halafu ikaja yote kwa mpigo, magari ya ng'ombe yakapanga foleni mpaka barabarani, na Bwana Chandulal, ambaye wakulima walikuwa wakimsukuma kila saa, akaamuru mashine zifanye kazi mchana na usiku mpaka Noeli. Mbayuwayu walifika tarehe 26 Oktoba na kukuta dohani inatoa moshi. Hawakuwa na pengine, maana matete ya ghuba yalikuwa yakichomwa kila mwaka, wakawa wanazunguka juu ya moshi mpaka giza, wengine wakijitupa ndani, wengine wakidondoka juu ya mabati ya ghala, na marehemu ndiye aliyekuwa chini, akilisha kuni.

Alivumilia siku kumi na nane. Tarehe 13 Novemba, siku ya Jumamosi, alikwenda ofisini akiwa ameshika kofia, akaomba moto uzimwe kila siku saa kumi na moja jioni na uwashwe asubuhi ndege wakishatoka.

"Na wenye pamba niwaambie nini?" Bwana Chandulal alimuuliza. "Kwamba mashine imesimama kwa ajili ya ndege?"

"Waambie hivyo hivyo, bwana."

"Mihayo, rudi kazini."

"Asubuhi nitarudi. Jioni siwezi. Mkono wangu unakataa."

Akaachishwa kazi siku ile ile, na kazi yake akapewa Kashindye. Bwana Chandulal yuko hapa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba familia isiliruke jambo hili.

Bi Paskazia alikuwa na mimba ya miezi mitano, Odeta na Ngosha wakiwa shuleni, na marehemu alipomweleza alimaliza kwanza kupanga dagaa juani, ndipo akasema, "Baba Odeta, watoto hawali mbayuwayu." Marehemu alimwambia mkewe kwamba anajua, kwamba ameogopa tangu alipotoka getini, na kwamba kama angemtaka arudi kuomba radhi angerudi. Bi Paskazia alifikiri mpaka chakula kikaiva. Kisha akamwambia, "Usirudi. Lakini kesho utanibebea dagaa sokoni." Na kweli, mkuu wa wachochea moto alionekana mjini na tenga la dagaa kichwani, watu wakamcheka, naye akawauzia. Jioni alisimama nje ya uzio wa kiwanda, punje mfukoni, akahesabu wanaozunguka na wanaoanguka.

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Novemba, Mama Jasuben alimwita mwanawe kutoka ofisini, akasema hana neno la kumwambia ila anamwomba asimame naye barazani kwa nusu saa, na akamwekea shanga mkononi. Bwana Chandulal alikuwa amekulia kwenye nyumba ile na hakuwahi kusimama hapo wakati ule wa jioni, kwa kuwa wakati ule yeye huwa kazini. Alianza kuhesabu ili kumridhisha mama, akapotea, akaanza tena, akapotea tena. Mmoja alianguka barazani miguuni pao, mabawa yameungua, kifua bado kinapiga, na Mama Jasuben akamwokota na kumweka katika ncha ya nguo yake mpaka akatulia. Hakumgombeza mwanawe, hakulia. Alimuuliza tu, "Umefika ngapi?"

Kesho yake asubuhi Bwana Chandulal alikuja kwa miguu mpaka nyumbani kwa marehemu, hakumtuma mtu, akapiga hodi, akakaribishwa kigoda, na Bi Paskazia, ambaye alikuwa bado na hasira, alimpa uji usio na sukari. Bwana Chandulal alimuuliza marehemu kama kuna njia ya kuzima moto jioni na mvuke bado upatikane mapema. Marehemu alisema ipo, akiruhusiwa kuuwasha yeye mwenyewe, kwa sababu ndege wa mwisho hutoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kuni kavu zikipangwa tangu jana yake mashine zitazunguka saa mbili. Ndivyo ilivyofanyika kuanzia jioni ile. Wakulima waliosubiri walinung'unika, na haki yao, maana wengine walilala na pamba yao barabarani siku nne, na wengine waliondoka wakaipeleka kwingine. Marehemu alipita foleni nzima akiwaomba radhi gari kwa gari, na wapo waliomtukana, na yupo mzee mmoja aliyeshuka kwenye gari lake, akaenda kutazama, akakaa siku mbili zaidi bila sababu. Pamba ya mwisho ilichambuliwa tarehe 8 Januari 1938.

Kashindye alirudi nafasi yake ya pili bila kinyongo, na baada ya siku chache alionekana uani jioni na punje zake. Wakaongezeka wengine, mwalimu mmoja wa shule, muuguzi wa hospitali akiwa hana zamu, fundi cherehani wa mjini, kila mmoja kwa hiari yake, na marehemu aliwafundisha wote jambo moja, kwamba anayehesabu asikisie kwa kujipendekeza, akipotea aseme amepotea, na iandikwe hivyo.

Msimu wa mwaka 1940, ndege walipokuja, hesabu ilianguka. Waliingia mia tisa, mwaka uliofuata mia sita, na marehemu alikosa usingizi, akidhani wamekufa njiani kwa ajili ya vita iliyokuwa ikiendelea huko watokako. Ndipo mwezi wa Desemba 1941 shemeji yake Justa akatuma ujumbe kutoka Busisi kwamba matete ya upande wao yamekuwa marefu kupita mtu, na jioni ndege wanayalaza kwa uzito. Tarehe 20 Desemba marehemu na mkewe walivuka Kigongo, wakaketi ufukweni, na jua lilipoinama ndege walikuja juu ya maji kwa wingi ambao dohani haikuwahi kuuona. Marehemu alizihamishia punje zote mfuko wa kushoto na bado walikuwa wanakuja. Alianza kucheka. Bi Paskazia alimuuliza anacheka nini.

"Nilipoteza kazi kwa ajili yao," alisema, "na wao wamehama bila kuaga."

"Ulidhani ni wako?"

"Kidogo, Mama Odeta. Kidogo nilidhani."

Bi Paskazia akaokota vijiwe, akachukua upande wa kushoto na kumwachia mumewe wa kulia, na siku hiyo iliandikwa katika daftari elfu kumi na moja, kwa mkono wa marehemu, na chini yake, Tumehesabu mimi na mke wangu. Bi Paskazia amesema hiyo ilikuwa jioni nzuri kuliko zote za maisha yake, na familia inamwamini. Tangu hapo Justa na jirani zake wanahesabu Busisi, na salamu za hesabu huvuka maji kila Jumatatu pamoja na samaki.

Mama Jasuben alifariki tarehe 2 Septemba 1943, ndege wakiwa hawajarudi, na marehemu alisimama ufukweni pamoja na jamaa zake mpaka moto wa mazishi ulipoisha. Msimu ulipoanza, Bwana Chandulal alikuja barazani jioni ya kwanza, akasimama upande wa ziwa, na hajauacha mpaka leo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa mwaka 1946, moshi wa miaka ishirini na saba ukiwa umemkaa kifuani, akaacha kazi tarehe 30 Juni 1947, akalazwa mara tatu katika hospitali ya serikali hapa Mwanza, mara ya mwisho kuanzia tarehe 10 hadi 24 Januari mwaka huu, ndipo akaomba arudishwe nyumbani. Alikuwa hawezi tena kutoka nje, na Kashindye alikuja kila jioni kumsomea hesabu akiwa amesimama mlangoni. Siku ya Jumatano alisomewa mia saba na arobaini, akauliza kama kuna aliyepotea njiani katika kuhesabu, akaambiwa fundi cherehani alipotea mara moja, akasema, "Andikeni." Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 4 Februari 1949, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na madaftari ishirini na mawili, ya mwisho yakiwa yameandikwa na wenzake.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, hasa yule aliyehamishia kitanda chake dirishani bila kuombwa, kwa Padre aliyempa sakramenti, kwa majirani wa Igogo walioleta kuni, maji na unga tangu Ijumaa, kwa ndugu wa Buswelu waliochimba kaburi, kwa wavushaji wa Kigongo waliowavusha waombolezaji bila kutaka chochote, kwa Bwana Chandulal na wafanyakazi wake wote, na kwa wakulima wale waliolala barabarani mwaka 1937, ambao marehemu hakuwahi kupata jinsi ya kuwashukuru inavyotosha, na tumewaona baadhi yenu mmekuja. Tunamshukuru Bi Paskazia kwa niaba ya marehemu, ambaye aliagiza hivyo, na akaagiza isemwe kwa sauti.

Mwisho, familia ina tangazo. Tunaomba maziko yaishe kabla ya saa kumi na moja, na yeyote asijisikie vibaya kuondoka mapema, kwa sababu Ijumaa hakuna aliyehesabu, na jana hakuna aliyehesabu, na madaftari yana mistari miwili mitupu ambayo mwenyewe asingeipenda. Bi Paskazia atasimama upande wa mlima.

Mihayo, kazi yako imepokewa, lala sasa kwa amani ya Mungu.